Kanda za harusini na santuri za taarab: nizihamishe vipi kwenye kompyuta bila kuziharibu?

NuruKisauni aliuliza:

Salaam aleikum wapenzi wa taarab.

Kuna kanda nyingi za nyumbani zataka kuokolewa, karibu zote za harusini hapa hapa Mombasa. Ni za waimbaji Juma Bhalo, Zein l'Abdin, Maulidi na Zuhura Swaleh, na nyingine hazikuandikwa chochote ila jina la bwana harusi. Pamoja nazo kuna santuri ndogo za lebo ya Mzuri, na mbili kubwa, nzito, ambazo karatasi yake haisomeki tena. Deki ya kuchezea ipo, ya kuazima.

Matatizo ni haya. Kanda kadhaa sauti yake imezibana, mwimbaji asikika kama aliyejifunika shuka. Moja ya Bhalo yaenda kasi, sauti yake imekuwa ya kijana mdogo. Tatu au nne zina unga mweupe kwenye ukingo wa utepe, sijazicheza. Na laptopu ina tundu moja tu la sauti.

Nianze na lipi? Na je, zile kelele nizisafishe wakati wa kurekodi au baadaye? Nitashukuru wanaojua wakinipa vipimo, si "jaribu uone".

---

FundiWaMajengo:

Waaleikum salaam, dada Nuru. Kompyuta iache kwanza. Sauti iliyozibana mara nyingi ni kosa la mashini, na utepe wenyewe ni mzima. Programu haiwezi kurudisha sauti ambayo kichwa cha deki hakikuisoma, kwa hivyo kazi yote ya maana iko kwenye deki.

Anza na usafi. Tafuta isopropili ya asilimia 90 kwenda juu. Ile ya 70 ya duka la dawa ina maji mengi, na spiriti ya vidonda huwa na mafuta. Chovya kijiti cha pamba, sugua kichwa, vile vijiti vinavyouongoza utepe, na kile kijiti cha chuma kinachouvuta. Pamba itatoka na rangi ya kahawia. Rudia mpaka itoke nyeupe. Gurudumu la mpira lisafishe kwa maji na tone la sabuni, ukaushe. Spiriti kali ikirudiwarudiwa hukausha mpira ukapasuka.

Pili, mikanda ya mpira ya ndani. Kwa joto letu hulegea, na mingine huyeyuka ikawa kama lami. Mkanda uliolegea hufanya sauti iyumbe, hasa pale udi unapoachia noti ndefu. Ukitaka kipimo cha mkanda mpya, zungusha uzi kwenye njia yote ya mkanda, pima urefu wake, kisha toa kama asilimia 5 hadi 7. Ukikaza zaidi ya hapo wachosha mota na bushi zake.

Tatu, na hapa ndipo penye shuka lako: pembe ya kichwa. Mwanya wa kichwa lazima usimame wima kabisa juu ya utepe. Redio kaseti iliyorekodi harusi ile huenda kichwa chake kilikuwa kimeinama kidogo, na deki yako imekaa sawa, basi sauti nyembamba zote zapotea. Tazama ubavuni mwa kichwa, kuna skrubu mbili. Moja imekazwa kabisa, nyingine iko juu ya springi ndogo. Hiyo ya springi ndiyo ya kurekebisha. Cheza kanda, unganisha kushoto na kulia ziwe mono, zungusha skrubu polepole, robo ya mzunguko kwenda, robo kurudi, huku wasikiza herufi "s" na "sh" za mwimbaji. Zikitoka kali kuliko mahali pengine popote, simama hapo. Tumia bisibisi isiyo na sumaku.

Kanda nyingi za harusini zilirekodiwa mono, na hapo kuna njia ya uhakika zaidi ya sikio. Rekodi kipande kifupi, kwenye Audacity (programu ya kuhariri sauti) geuza upande mmoja juu chini, kisha changanya pande zote mbili. Kichwa kikiwa kimekaa sawa, pande mbili zafanana, kwa hivyo zauana na sauti hufifia karibu yote. Kikiwa kimeinama, sauti nyembamba zabaki zikielea. Rekebisha mpaka zinyamaze. Hii fanya kwa kila kanda upya, maana kila moja ilirekodiwa na mashini yake.

Dolby (swichi ya deki ya kupunguza "shiii") zima, isipokuwa kanda imeandikwa kuwa ilirekodiwa nayo. Ukiiwasha kwenye kanda isiyo yake, hukata sauti nyembamba na utafikiri kanda imekufa. Swichi ya aina ya utepe iweke kwenye Normal.

Kuhusu laptopu: tundu lako moja ni la maiki, ni mono, tena lina umeme mdogo wa kulishia maiki. Nunua kiolesura kidogo cha USB chenye matundu mawili ya line (ya kuingizia sauti ya deki). Hata kile cha biti 16 chatosha, kwa sababu kanda yenyewe haifikii uwezo huo kwa tofauti kati ya sauti ndogo na kubwa. Ukipata cha biti 24, ni kizuri kwa kuwa waweza kurekodi chini bila wasiwasi. Weka 48 kHz, na kilele cha sauti kisipite -6 dB. Acha nafasi, vigelegele huja ghafla. Saa moja ya stereo ya biti 24 yala kama GB 1, ukiibana kwa FLAC (aina ya faili la sauti) hushuka karibu nusu bila kupoteza kitu.

---

BintiMakadara:

Dada Nuru, zile zenye unga mweupe zitenge leo leo, usizirudishe kwenye kasha moja na nyingine. Huo karibu hakika ni kuvu. Ukicheza kanda moja yenye kuvu, mbegu zake zabaki kwenye kichwa na gurudumu, na kila kanda utakayoweka baadaye yaambukizwa.

Kuvu huanza unyevu wa hewa ukipita kama asilimia 65, na hapa pwani tuko juu ya hapo siku nyingi za mwaka. Kwa hivyo mwanzo ni kukausha. Tia kanda kwenye chombo cha plastiki chenye mfuniko unaobana, pamoja na vipakiti vya silika. Wiki mbili. Zile silika zenye rangi hubadilika zikijaa maji, zikaange kidogo kwenye oveni na uzitumie tena. Usizianike juani. Joto hupinda kasha na kuunyoosha utepe. Kazi hii ifanye wakati wa kaskazi, Januari au Februari. Aprili na Mei, wakati wa mvua, wakausha kwa mkono mmoja na kulowesha kwa mwingine.

Kuvu likikauka hugeuka vumbi, na hapo ndipo linaposafika. Toka nje ya nyumba, vaa barakoa, fungua kasha. Nyingi zina skrubu tano. Kabla ya kuinua kifuniko piga picha, halafu piga tena baada ya kukiinua, ili ujue utepe wapita wapi. Kuna vigurudumu viwili vidogo vya pembeni na vikaratasi viwili vyororo vya kuutelezesha utepe, hivyo visipotee. Pangusa ukingo wa mzingo kwa brashi laini kavu. Kisha hamisha mizingo yote miwili kwenye kasha jipya la skrubu. Nunua kanda tupu, toa utepe wake, tumia kasha. Kanda ambazo kasha lake limegundishwa bila skrubu hupasuliwa polepole kwa kisu chembamba kwenye mshono, ukianzia upande wa juu ulio mbali na utepe.

Ukishahamisha, zungusha kwa mkono na kalamu ya Bic, huku utepe wapita katikati ya kitambaa kavu kisicho na manyoya. Spiriti isiguse utepe. Yaweza kudhuru gundi inayoshika ule unga wa kahawia, na unga huo ndio sauti yenyewe.

Tazama pia kile kipande cha sufi kilicho juu ya bati jembamba, katikati ya kasha. Kazi yake ni kuubana utepe kwenye kichwa. Gundi yake huachia na sufi ikadondoka, hapo sauti huja na kwenda, upande mmoja wapotea. Kasha jipya latatua hilo pia.

Utepe uliokatika: kata ncha mbili kwa mshazari pamoja, zikutane bila kupandana, bandika kwa utepe maalumu wa kuungia upande usiogusa kichwa. Selotepu ya dukani hapana. Kwa joto la Mombasa gundi yake hutambaa ikashika mzingo wa pili, na siku ukicheza utepe hung'oka.

Kanda za dakika 120 zitazame mara mbili. Utepe wake ni mwembamba sana, nusu ya ule wa dakika 60. Usizipeleke mbele kwa kasi na kuzisimamisha ghafla.

---

NuruKisauni:

Mashallah, dada Makadara, Mungu akuzidishie. Kanda ya Bhalo yenye kasi bado inanisumbua. Nikiishusha kwa sikio nitajuaje nimefika pake? Na je, zile za nakala za nakala zajulikanaje?

---

MpendaUdi:

Usiishushe kwa sikio peke yake. Kwenye taarab yetu hakuna noti moja ya kushikia. Mpigaji udi hukaza nyuzi zake kufuata koo la mwimbaji wa usiku ule, tabla hufungwa kufuata kinanda, na vinanda vya mkono vyenyewe vyatofautiana. Kwenye kanda za Maulidi zenye ogani ya umeme wapata angalau chombo kilicho karibu na 440, lakini Bhalo hakukupi nafasi hiyo.

Tumia mvumo wa umeme. Umeme wa Kenya ni herzi 50, na ampli za bendi huvuma kwa herzi 50 na 100. Mvumo huo uliingia kwenye kanda pamoja na nyimbo. Popote unapoupata sasa, hapo ndipo kasi ilipo. Fanya hivi: chukua nakala ya faili, ibadilishe iwe ya sampuli 8000 kwa sekunde (8000 Hz). Tafuta sehemu tulivu kati ya nyimbo, isipungue sekunde 9. Fungua mchoro wa masafa kwenye Audacity, chagua ukubwa wa 65536. Kwa mpangilio huo waona tofauti ya kama herzi 0.12. Ukiacha faili kwenye 48000, hatua moja ni herzi 0.7, na hiyo ni pana mno kwa kazi hii.

Tuseme kilele kiko 53. Kanda yaenda kasi kwa asilimia 6, yaani nusu toni nzima. Gawanya 50 kwa 53 upate 0.943, na hiyo ndiyo namba ya kutia kwenye kubadili kasi. Chagua kubadili kasi na sauti kwa pamoja. Ukichagua tempo peke yake, wimbo utapungua mwendo lakini Bhalo atabaki kijana.

Tahadhari moja: deki yako na nyaya zako nazo huvuma kwa 50 kamili. Simamisha kanda ukiwa bado warekodi. Kilele kinachobaki ni cha nyumbani kwako. Kilichotoweka ni cha harusini, na hicho ndicho cha kupima.

Sababu ya kasi hiyo kwa kawaida ni betri. Redio kaseti yenye betri zinazokufa huzunguka polepole wakati wa kurekodi, kwa hivyo kwenye mashini nzima kanda hukimbia. Na betri huzidi kufa kadiri usiku unavyokwenda. Pima mwanzo, kati na mwisho wa upande. Zikiwa tofauti, gawa faili vipande na urekebishe kila kimoja. Harusi iliyotumia jenereta haipimiki hivi, maana jenereta haishiki 50.

Nakala ya nakala: sikiza sekunde chache kabla ya wimbo kuanza. Kanda ya kwanza ina "shiii" moja. Nakala ina mbili: moja yaanza, kisha ya pili yaongezeka kwa mkato. Nakala zilizopigwa kwa kasi maradufu kwenye deki za milango miwili hukosa sauti nyembamba juu ya kama herzi elfu nane au kumi, na kwenye mchoro waona kama ukuta. Ukiwa na nakala mbili za onyesho moja, chagua yenye ukuta ulio juu zaidi, hata kama ina mikwaruzo.

---

Santuri45:

Kuhusu hizo sahani. Za Mzuri, lebo ya Assanand & Sons ya hapa Mombasa, ni plastiki ya vinili, mizunguko 45. Ziosheni kwa maji yaliyokenekwa (distilled), yale ya kuongezea betri, si asidi, na tone moja la sabuni ya vyombo, kwa brashi laini kufuata mfereji. Karatasi ya katikati isilowe. Tundu likiwa kubwa tia kipete cha plastiki, na hakikisha sahani haichezi. Ikikaa upande hata kidogo sauti yayumba kila mzunguko.

Zile mbili nzito, dada Nuru, usizioshe na usitie spiriti kabisa! Yaelekea ni za mizunguko 78, na nyingi za hizo ni za laki (shellac), si vinili. Laki huyeyuka kwenye spiriti, wafuta mfereji mzima kwa pangusa moja. Brashi kavu yatosha kwa sasa. Zikianguka hupasuka kama sahani ya udongo, basi zisimamishe wima, usizirundike.

Sindano nayo ni tofauti. Ya 45 ina ncha ya kama milimita 0.018, na ya 78 yataka karibu mara nne ya hapo. Ukicheza 78 kwa sindano ndogo, hukaa chini ya mfereji penye uchafu wote na kutoa mikwaruzo mitupu. Taarab ya sahani za aina hii ina historia ndefu. Siti binti Saad na wenzake walirekodiwa Bombay mwaka 1928, na rekodi hizo zilikuwa tayari za maiki ya umeme, kwa hivyo sauti iliyomo ni nyingi kuliko watu wanavyodhani. Ukiipata sindano sahihi utashangaa.

Jambo la wapenzi: kwenye santuri upande mmoja hubeba dakika tatu nne hivi, basi nyimbo nyingi zilipunguzwa beti au kukatwa sehemu ya kwanza na ya pili. Harusini wimbo huo huo waenda beti zote, mwimbaji arudia mstari kila atunzwapo. Ukiwa na zote mbili usichague. Hifadhi zote. Mkusanyo wa Zanzibara wa Buda Musique, juzuu ya pili, wenye taarab ya Mombasa ya 1965 hadi 1975, ni kipimo kizuri cha jinsi rekodi za studio za wakati huo zapasa kusikika.

---

FundiWaMajengo:

Naongeza kuhusu kelele. Ukitaka kukata mvumo, kata herzi 50, 100 na 150 kwa mkato mwembamba, kwenye nakala, baada ya kupima kasi kama alivyosema MpendaUdi. Programu za kuondoa "shiii" zaweza kutumika kwa kiasi, desibeli 6 hivi, kwa watu wanaosikiza garini.

---

MpendaUdi:

Hapa kaka Fundi sikubaliani nawe. Hata desibeli 6. Pale "shiii" ilipo ndipo lilipo kucha la taishokoto (kinanda cha nyuzi chenye vibonyezo) kwenye kanda za Zuhura, na ndipo ulipo mkwaruzo wa kichokoo (kidude cha kupigia udi) kwenye nyuzi za Zein. Programu haijui tofauti. Yaanza kula mwisho wa kila noti, na udi wabaki ukilia kama umo ndani ya bomba la maji. Mwenye kusikiza garini ana kelele ya gari tayari, hiyo "shiii" haisikii.

Na vigelegele visikatwe, wala mayowe ya kutunza. Mtu atakayetaka kujua ubeti gani uliwagusa kina mama wa Mji wa Kale atauona hapo.

---

FundiWaMajengo:

Kwa Zein nakubali. Kwa hotuba ya MC na nyimbo za ogani nitaendelea kutumia, lakini faili ghafi ibaki haikuguswa.

---

BintiMakadara:

Dada Nuru, zile zisizo na jina: kabla hujauliza watu, sikiza vyombo. Udi mbele, dumbaki, mahadhi ya Kiarabu na ya Lamu, mashairi mazito, mfikirie Zein, ambaye alizaliwa Lamu na aliimba tungo za Ahmed Sheikh Nabhany. Kinanda cha mkono na tabla, mahadhi ya sinema za Kihindi, ni Bhalo au wafuasi wake, na tungo nyingi za Bhalo ni za Ahmad Nassir. Taishokoto yenye mlio wa bati, mdundo wa chakacha, anza na Zuhura au Maulidi. Kisha kata sekunde 30 za wimbo, uwatumie wazee kwenye WhatsApp. Tuma kama dokumenti. Ukituma kama sauti ya kawaida huenda ikabanwa.

Jina la faili liwe na mwimbaji, ubeti wa kwanza, mahali, mwaka kama wajulikana, na upande A au B. Picha ya kasha na maandishi yake iwe kwenye folda hiyo hiyo.

Ukifikiria kuziweka YouTube, elewa kwamba kwa sheria ya Kenya rekodi hulindwa miaka 50 tangu mwisho wa mwaka iliporekodiwa, na mashairi miaka 50 baada ya kufa mtunzi. Bhalo alifariki 2014 na Zein 2016. Waone wenyewe wa familia kwanza.

---

NuruKisauni:

Ahsanteni sana, wakubwa zangu. Zenye kuvu nimezitenga na silika nimeagiza. Deki naifungua Jumamosi. Kanda ya kwanza iwe ipi?

---

FundiWaMajengo:

Kanda ya dakika 60 usiyoijali, ya mahubiri au ya redio. Izungushe yote mwanzo mpaka mwisho mara moja ili mzingo ulegee, kisha icheze upande mzima ukiitazama kupitia mlango. Utepe ukijikunja ukingo, gurudumu la mpira bado lina mafuta au limechakaa, na usiweke ya Bhalo mpaka hapo papone. Ukifungua na usione skrubu ya springi, andika hapa modeli ya deki. Kwenye nyingine iko nyuma ya kifuniko cha mlango, ambacho hutoka kwa kukisukuma juu mlango ukiwa wazi.